Tangazo la Minnesota na maswali ya mzazi kabla ya kufunga mizigo

Wiki mbili zilizopita dada yangu alinitumia video saa 5 usiku. Ziwa limetulia, baba anamfundisha mtoto kuvua samaki, mama yuko juu ya baiskeli anacheka, kisha inakuja barabara yenye miti ya majani mekundu. Chini yake aliandika: "Mdogo wangu, huku ndiko shemeji yako anataka twende. Wewe mwandishi wa afya, unasemaje?"

Sikuwa na jibu la haraka. Dada ni muuguzi. Ana mtoto wa darasa la kwanza na mwingine wa miezi 8. Kwa familia kama hiyo, kuhama si suala la mshahara tu.

Jimbo lenyewe ni Minnesota, kaskazini mwa Marekani, mpakani na Canada. Mto Mississippi unaanzia huko, katika Ziwa Itasca. Hospitali maarufu ya Mayo Clinic iko huko, mjini Rochester. Watu wake hujisifu kuwa na maziwa 10,000, na ukihesabu yanazidi 11,000.

Kwa miaka mingi ofisi ya utalii ya jimbo, Explore Minnesota, iliita wageni waje kutembea na kurudi kwao. Mwaka 2023 iliongezewa kazi: iwaite pia watu waje kuishi na kufanya kazi. Sababu haijafichwa. Wafanyakazi wengi wanazeeka na kustaafu, na waajiri wanatafuta mikono, hasa hospitali na nyumba za kutunzia wazee. Ndiyo maana Wakenya wengi wanaoishi pembezoni mwa jiji la Minneapolis utawakuta kwenye kazi za uuguzi na utunzaji wa wagonjwa.

Niwe mkweli, yapo mambo ya kumvutia mzazi. Tangu mwaka wa masomo wa 2023/24, watoto wa shule za umma za jimbo hilo hupata kifungua kinywa na chakula cha mchana bure, bila kuulizwa kipato cha mzazi. Na kuanzia Januari 1, 2026 jimbo lina mfuko wa likizo ya malipo, unaompa mzazi aliyepata mtoto hadi wiki 12 za kukaa naye. Marekani hakuna sheria ya taifa zima inayowapa wafanyakazi wote likizo ya uzazi yenye malipo, hivyo hilo si dogo.

Lakini tangazo huchagua cha kuonyesha. Wewe mzazi ndiye wa kuuliza yaliyobaki. Nilimwandikia dada haya manne.

Kwanza, bima ya afya inaanza lini? Marekani watu wengi hupata bima kupitia kwa mwajiri, na sheria inamruhusu mwajiri kumsubirisha mfanyakazi hadi siku 90. Mtoto haulizi tarehe akitaka kupandisha homa. Uliza pia kama bima inawabeba mwenza na watoto, na wewe utachangia kiasi gani kila mwezi.

Pili, chanjo. Hapa nyumbani mtoto hupata chanjo ya surua na rubela akiwa na miezi 9, kisha miezi 18. Kule dozi iliyotolewa kabla ya mtoto kutimiza mwaka mmoja haihesabiwi, na wanataka pia kinga ya matumbwitumbwi. Kwa hiyo mtoto atachanjwa tena, na hilo halina madhara. Kadi ya kliniki isiachwe kabatini, ibebe kwenye begi la mkononi. Msikubali pia uvumi mtakaoukuta huko. Mwaka 2017 surua iliwapata watu 75 katika jimbo hilo, wengi wao watoto wa jamii yenye asili ya Somalia ambao hawakuchanjwa, baada ya wazazi kuaminishwa uongo kwamba chanjo inaleta usonji.

Tatu, baridi na giza. Mwezi Desemba jua hutoka karibu saa 2 asubuhi na kuzama saa 10 na nusu jioni. Januari baridi inaweza kushuka hadi nyuzi 20 chini ya sifuri na zaidi, kiasi cha kuunguza vidole na masikio ya mtoto aliyeachwa wazi. Ngozi nyeusi inahitaji jua zaidi kutengeneza vitamini D, hivyo muulizeni daktari kuhusu matone, hasa kwa mtoto anayenyonya. Na mkipanga nyumba iliyojengwa kabla ya mwaka 1978, ulizeni kuhusu rangi yenye madini ya risasi. Mtoto anayetambaa huila kwa vidole.

Nne, nani atamshika mtoto? Hapa yupo bibi, yupo dada wa kazi, yupo jirani. Kule malezi ya mtoto mchanga ni gharama kubwa, na muuguzi hufanya kazi hata usiku. Mama aliyetoka kujifungua na hana mtu wa kumpokea mtoto hata nusu saa huchoka mwili na moyo. Kabla ya kutafuta nyumba, tafuteni watu: kanisa, msikiti, chama cha Watanzania au Wakenya.

Dada alisoma, akakaa kimya siku mbili. Kisha akapiga simu. Shemeji alikuwa amependekeza yeye atangulie, watoto wabaki kwa mama mpaka mambo yakae sawa. "Nimemwambia sitamwacha anayenyonya," alisema. "Tutakwenda wote au tutasubiri. Mtihani wa leseni nitaufanya, lakini swali la bima tumuulize mwajiri kwa maandishi kwanza."

Sijui kama watakwenda. Barua pepe kwa mwajiri imetumwa Jumatatu, na ile ya bima ndiyo iko juu kabisa. Kadi za kliniki za watoto wote wawili, dada ameshazitoa kabatini.