Tangi Likijaa, Wapunguze Samaki
Kurundika samaki wa dhahabu kumi katika tangi la lita 60 ni kuwatesa. Samaki hawa hula sana na kuchafua sana, na taka zao hutoa amonia inayounguza matamvua. Ukiwaona wanahemea juu ya maji, midomo wazi, usichelewe: badilisha robo ya maji kwa yaliyolala siku nzima kwenye ndoo wazi ili klorini itoke, na punguza chakula. Chujio lisuuze kwa maji ya tangini, kwani klorini ya bomba huua bakteria wanaovunja amonia. Yote haya ni huduma ya kwanza tu. Dawa ni kuwagawa kwa wenye nafasi, kamwe si kuwamwaga mtoni, watakakovuruga viumbe wengine.