NYUMBA NA AFYA: Papasi hamngoji panya

Barua tuliyoichagua juma hili imetoka kwa mama mmoja mwenye wajukuu, mkaaji wa kijiji kilicho mbali na barabara kuu. Anatuarifu kwamba mkaza mwanawe, aliyekuwa na mimba ya miezi saba, alishikwa ghafla na homa kali. Alitetemeka, akatapika, kichwa na viungo vikamuuma hata asiweze kugeuka kitandani. Alipelekwa zahanati, akapewa dawa ya malaria. Siku ya nne homa ikamwacha, na nyumba nzima ikamshukuru Mungu. Juma moja halijatimia, homa ikarudi. Akapewa dawa nyingine ya malaria. Ikamwacha, ikarudi tena. Mara ya tatu alifikishwa hospitali, mtoto akazaliwa kabla ya siku zake, wala hakuuona mchana. Ndipo mpimaji wa damu alipotazama katika hadubini, akasema kwamba hiyo si malaria, ni homa ya papasi.

Mama huyu anauliza mambo mawili. La kwanza, kwa nini homa hiyo iliwapata watu wa nyumba ile peke yake, ilhali majirani wanaoteka maji kisima kimoja nao hawakuguswa? La pili, mpwa wake aliyeko Marekani amemweleza kwa simu kwamba huko uko ugonjwa wa kupe unaotokana na panya wa porini. Je, akiwaua panya wote wa nyumbani, au akifuga paka wawili, mjukuu atakayefuata atasalimika?

Mama yetu mheshimiwa, kwanza pokea pole zetu, wewe na mkaza mwanao. Utuwie radhi tukianza na swali la pili, kwa maana jawabu lake ndilo litakalotufungulia mlango wa swali la kwanza.

Aliyokwambia mpwa wako ni kweli, lakini ni kweli ya huko aliko. Ugonjwa huo huitwa Lyme, kwa jina la mji mdogo wa jimbo la Connecticut, ambako mwaka 1975 wazazi walistaajabu kuona watoto wengi wa mahali pamoja wakivimba magoti. Kupe wa msitu wa huko huanguliwa wakiwa safi. Kupe mchanga hupata vijidudu anapomnyonya damu mnyama aliye navyo, na aliye navyo zaidi ya wote ni panya mdogo wa msituni mwenye miguu myeupe. Kupe huyo akisha kukua kidogo humpanda mtu apitaye majanini, akamng'ang'ania, na kwa kawaida huchukua siku nzima au zaidi kabla ya kumwambukiza. Kwa hiyo Wamarekani wana haki ya kumtazama panya kwa jicho kali. Wako hata wanaotega vijibomba vyenye pamba iliyotiwa dawa ya wadudu, ili panya aichukue pamba hiyo kwenda kutandika kiota chake, na kupe walio mwilini mwake wafe.

Vijidudu vya Lyme na vya homa ya papasi ni vya ukoo mmoja. Vyote vimejisokota kama parafujo, vyembamba mno. Aliyevigundua vile vya Lyme ndani ya kupe, mwaka 1981, alikuwa Willy Burgdorfer, mzaliwa wa Uswisi. Nalo ni jambo la kufurahisha kwetu, kwa sababu mtaalamu huyo alipokuwa mwanafunzi mjini Basel alijipatia shahada yake kwa kuwapasua na kuwachunguza papasi wa Afrika. Alipoviona vijidudu vya Lyme, jicho lake lilikwisha kuzoezwa na papasi wetu.

Lakini ndugu wa ukoo mmoja hawana tabia moja. Papasi hamngoji panya. Papasi jike mwenye vijidudu huvirithisha kwa mayai yake, na watoto huanguliwa wakiwa navyo tayari. Jambo hilo lilionwa na daktari Mjerumani Robert Koch alipokuwa Afrika ya Mashariki mwaka 1905. Mwaka uliotangulia, huko Uganda, madaktari Ross na Milne walikuwa wamekwisha kuonyesha kwamba homa hiyo hutokana na papasi. Na katika Kongo, Mwingereza Dutton na Mkanada Todd waliokuwa wakiichunguza waliugua wote wawili; Dutton akafia Kasongo mwezi wa Februari 1905. Kijidudu kikapewa jina lake.

Katika nchi zetu, anayempa papasi vijidudu vipya ni mtu mgonjwa mwenyewe, alalaye juu ya sakafu ile ile. Wataalamu waliochunguza mifugo huko Tanzania walieleza mwaka 2007 kwamba walivikuta vijidudu hivyo hata katika damu ya kuku na nguruwe. Basi, mama, usiwanunue paka kwa ajili hii. Panya wafukuzwe kwa sababu nyingine nyingi, na mashimo yao yazibwe, kwani shimo lolote ni nyumba nzuri ya papasi. Huko Senegali, ambako homa ya namna hiyo kweli inatokana na panya, papasi hukaa ndani ya mashimo ya panya yanayotokea vyumbani mwa kulala. Usiku hutoka, wakanyonya, wakarudi shimoni. Hapa kwetu shimo ni baya hata kama panya alikwisha kulihama.

Sasa tuje kwenye swali la kwanza. Kupe wa ng'ombe twamjua: hung'ang'ania ngozi siku nyingi, akavimba kama mbegu ya mbarika. Papasi ni mwingine. Rangi yake ni kijivu cha udongo, ngozi yake laini yenye mikunjo kama ngozi kuukuu, na aliyekomaa hukaribia ukubwa wa punje ya hindi. Mchana humwoni. Hujificha katika vumbi la sakafu, katika nyufa za kiambaza, chini ya mafiga, na hasa pale ukuta unapokutana na sakafu. Taa ikizimwa hutoka, humnyonya aliyelala kwa muda wa nusu saa hivi, kisha hurudi alikotoka kabla ya jogoo kuwika. Yeye hahitaji siku nzima ili kuambukiza. Dakika chache zamtosha. Aliyeumwa huamka asijue, au huona alama ndogo akadhani ni kunguni.

Papasi haruki wala hatembei mbali. Haendi kwa jirani ila abebwe. Ndiyo sababu nyumba moja huugua na ya pili ikawa salama, ingawa zimetenganishwa na ua wa mabua tu. Tena ana subira isiyo na mfano: aweza kukaa miaka kadhaa bila ya kuonja damu, akingoja. Nyumba iliyohamwa, ikafungwa, na baadaye wakaingia wageni wasiojua habari zake, huwapokea wageni hao na papasi wenye njaa. Zamani wasafiri wa misafara walioshuka pwani na kupanda kwenda maziwani waliijua hatari hiyo, na wenye busara walikataa kulala katika mabanda ya kambi za kale. Lakini wao wenyewe waliwabeba papasi katika mikeka na mizigo yao, wakawaacha kila kituo.

Tukigeukia ugonjwa wenyewe, alama yake kubwa ndiyo hiyo mama aliyoiandika bila ya kuijua: homa hushika kwa siku chache, ikakoma kwa jasho jingi, mgonjwa akapata nafuu ya siku kadhaa, kisha ikarudi. Kila mara vijidudu hubadili vazi lao, na mwili uliokwisha kulitambua lile la kwanza haulijui la pili. Kwa hiyo kupona kwa siku ya nne si kazi ya dawa ya malaria hata kidogo. Dawa ile husifiwa bure, na mgonjwa hupoteza majuma.

Watoto wadogo na wajawazito ndio wanaoumia kuliko wote. Madaktari waliowafuatilia wajawazito wenye homa hii katika Sengerema, karibu na Ziwa Viktoria, waliandika mwaka 1997 kwamba karibu nusu ya mimba hizo zilipotea, ama kwa kuharibika, ama mtoto kuzaliwa mfu au kufa katika siku zake za kwanza. Twalitaja jambo hili zito ili mkaza mwanao asisimangwe. Wako watakaosema kwamba alifanya kazi nyingi, au kwamba kuna mtu aliyemtazama vibaya. Hakuna kosa lake hata chembe.

Katika siku hizi limezuka jambo jipya ambalo yafaa kila mama alijue. Zamani kila mwenye homa alitolewa tone la damu, likapakwa juu ya kioo na kutazamwa katika hadubini. Mpimaji aliyetafuta malaria aliweza kuviona na hivi vilivyojisokota, hata kama hakuvikusudia. Sasa zahanati nyingi hutumia kipimo cha haraka, kile kijikaratasi chenye mistari. Ni kipimo chema kwa malaria, nacho kimeokoa watu wengi. Lakini homa ya papasi hakiioni. Basi ikiwa kipimo kimesema hakuna malaria, au homa imerudi baada ya dawa kumalizika, mwambie mganga waziwazi: "Tunalala nyumba ya udongo, nasi tumeona papasi, twaomba damu itazamwe katika hadubini." Na damu itolewe wakati homa imepanda, maana ikishuka vijidudu huwa vichache mno hata mpimaji hodari asivione.

Dawa ipo, wala si ya ajabu. Tetrasaiklini na doksisaiklini hutibu vizuri. Wajawazito na watoto wadogo hupewa nyingine, kama vile penisilini au erithromaisini, kwa uamuzi wa mganga. Jihadharini na kununua vidonge dukani na kuvimeza nyumbani, kwa sababu baada ya dawa ya kwanza vijidudu hufa kwa wingi na mgonjwa aweza kutetemeka na kupandwa na homa kali kwa saa kadhaa. Saa hizo apitishiwe mahali penye mganga.

Lakini kumtibu mtu na kumrudisha juu ya sakafu ile ile ni kuteka maji kwa pakacha. Kazi iko nyumbani. Sakafu ya saruji na kuta zilizopigwa lipu humwondolea papasi makao yake, na mahali palipojengwa hivyo homa hii imepungua sana. Asiye na saruji asikate tamaa. Azibe nyufa zote kwa udongo mbichi uliokandwa vizuri, akandike upya kiambaza tangu chini, aisiribe sakafu mara kwa mara bila ya kungoja sikukuu. Kabla ya hapo amwage maji yanayochemka katika nyufa na pembeni mwa kuta. Wapuliza dawa ya mbu wakifika, wasifungiwe chumba cha kulala kwa kuona haya ya vyombo. Waombwe wapulize na pale chini ukutani.

Watu wasilale chini. Hata kitanda cha kamba chatosha, mradi matendegu yake yawe marefu, kisogee mbali na ukuta, na shuka wala chandarua visiburute sakafuni. Chandarua kikunjwe chini ya godoro au mkeka. Mjamzito na watoto ndio wapewe kitanda kwanza. Twajua kwamba katika nyumba nyingi kitanda ni cha baba na mkeka ni wa wengine. Akina baba watusamehe, lakini desturi hiyo humlisha papasi. Kuku, mbuzi na nguruwe walazwe bandani mwao. Papasi akionekana asipondwe kwa kidole wala kucha, kwa kuwa majimaji yake huweza kupenya penye mchubuko. Ashikwe kwa kijiti, atiwe motoni.

Umetuandikia pia, mama, kwamba mwanao amekwisha kupiga matofali, na kabla ya mvua za vuli watahamia nyumba mpya. Habari hiyo imetufurahisha. Siku ya kuhama, vyombo vyote vitolewe nje kwanza, vikung'utwe, vianikwe, na kila kikapu kitazamwe mshono kwa mshono. Ule mkeka aliolalia mkaza mwanao uchomwe huko huko kwenye nyumba ya zamani.