Mitetemo ya ujenzi ipimwe kabla kuta hazijapasuka

Sisi tuliorudi kutoka uhamishoni tunajua thamani ya ukuta. Mimi nilisoma Kenya nikiwa mtoto wa mkimbizi, na sasa nafundisha hapa Masese, Jinja. Wengi wetu tulijenga kidogo kidogo, matofali machache kila mzigo ulipovuka salama Busia au Malaba. Nyumba hiyo ndiyo benki yetu.

Hakuna anayepinga maendeleo. Mkataba wa reli ya SGR kutoka Malaba hadi Kampala, kilomita 272, ulitiwa saini Oktoba 2024, na mfanyabiashara wa mpakani anaingoja kwa hamu. Lakini tukumbuke Bujagali. Bwawa lilipokuwa likijengwa, kuanzia 2007 hadi 2012, wanavijiji jirani walilalamika kwamba baruti ya kupasulia miamba imetia nyufa nyumba zao. Katika malalamiko kama hayo swali huwa moja: ufa huu ni wa jana au wa miaka kumi? Asiye na ushahidi hushindwa.

Ushahidi unapatikana. Kipo chombo kinachowekwa karibu na msingi wa nyumba, kikaandika kasi ya mtikisiko wa ardhi. Kanuni za Kenya za 2009 zinakataza mtetemo unaozidi sentimita 0.5 kwa sekunde, yaani milimita 5, nje ya mpaka wa eneo la kazi. Kipimo cha Ujerumani kwa majengo ya kale na dhaifu hushuka hadi milimita 3, mtetemo ukiwa wa polepole. Tena, binadamu huhisi hata mtetemo usiofika milimita 1, ambao hauwezi kubomoa kitu. Kwa hiyo chombo hicho humlinda mkandarasi pia dhidi ya lawama za bure.

Naomba mambo mawili yaandikwe katika kila mkataba wa ujenzi. Kwanza, kabla rola haijashindilia udongo, nyumba na madarasa ya jirani yapigwe picha mbele ya mwenyekiti wa LC1, na mwenye nyumba apewe nakala. Pili, vipimo vya kila siku vibandikwe hadharani.

Nasi tusikae tu. Kama nyumba yako ina ufa, weka alama mbili, moja kila upande, pima kwa rula, andika tarehe. Rula ya mtoto wa shule inatosha kuanzia.