Bangili ya Mhunzi Isinunuliwe kwa Dharau

Mtumishi anayehamishiwa Katesh, mji ulio chini ya Mlima Hanang, hachelewi kuziona mnadani bangili za shaba za wahunzi wa Kibarbaig. Huzishika, huzisifu, kisha hubishania bei kana kwamba ananunua chuma chakavu.

Ni kweli kwamba mali ghafi yake huwa kufuli bovu au bomba kuukuu. Lakini mhunzi huiyeyusha kwa moto wa makaa na mivukuto ya ngozi, huimimina katika kalibu, huifua kwa nyundo, kisha huitia nakshi kwa tindo. Hiyo ndiyo kazi inayouzwa.

Kijadi, wafugaji hawakukubali kuoana na ukoo wa wahunzi, ingawa mikuki yao ilitoka mikononi mwa wahunzi hao hao. Mnunuzi anayeidharau kazi hiyo huiendeleza dharau ile ya kale.

Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alionya juu ya elimu inayomtenga msomi na jamii yake. Je, mwalimu anayeyafundisha hayo darasani, kisha akamnyonya mhunzi mnadani, amefundisha nini?

Mapatano ya bei ni desturi ya soko, wala hatuyapingi. Lakini yafaa mnunuzi aulize kwanza kazi hiyo ilichukua siku ngapi na makaa kiasi gani, ndipo ataje bei yake. Mhunzi asiyeweza kuishi kwa nyundo yake hatamrithisha mwanawe nyundo hiyo.