Mtoto Asiwe Silaha ya Siasa: Ilani ya Kuanzisha Harakati

Sisi Waswahili wa Marekani, tuliotoka Kongo, Burundi, Rwanda, Uganda, Kenya na Tanzania, leo tunaanzisha harakati ya kuwatetea watoto wanaofika mpaka wa kusini wa nchi hii bila wazazi. Wengi wao wanatoka Guatemala, Honduras na El Salvador. Njia yao tunaijua. Mwaka 2019 mamia ya Wakongo walifika San Antonio, Texas, baada ya kuvuka msitu wa Darién kwa miguu, na wengi wakaendelea hadi Portland, Maine. Watoto hawa ni wetu pia.

Tunachokiona

Katika mwaka wa fedha wa 2014 walikamatwa mpakani watoto zaidi ya 68,000 waliokuja peke yao, na tangu hapo vyama viwili vikuu vimewageuza hoja ya kampeni. Mwaka 2018 serikali ya Trump iliwanyang'anya wazazi maelfu ya watoto ili wengine waogope kuja, kisha ikawaandika watoto hao kuwa wamekuja bila wazazi. Machi 2021, chini ya Biden, zaidi ya watu 4,000, wengi wao watoto, walirundikwa Donna, Texas, katika mahema yaliyopangiwa watu 250 wakati wa korona.

Tunachokiamini

Nchi ina haki ya kulinda mpaka wake. Anayesema wasafirishaji wa magendo wanatajirika kwa migongo ya watoto anasema kweli. Anayesema mtoto aliyekimbia magenge asirudishwe kabla ya kusikilizwa naye anasema kweli. Wabishane kuhusu mpaka, lakini haki za mtoto zisingoje mshindi. Inawezekana: sheria ya mwaka 2008, iliyoungwa mkono na vyama vyote viwili na kutiwa saini na George W. Bush, inataka mtoto aondolewe mikononi mwa askari wa mpaka ndani ya saa 72.

Tunachodai

1. *Wakili kwa kila mtoto.* Leo mtoto anaruhusiwa kuwa na wakili, ila serikali hailazimiki kumlipia. Matokeo yake, watoto wadogo wamesimama peke yao mbele ya hakimu, huku serikali ikiwakilishwa na mwanasheria wake.

2. *Ndugu watambuliwe.* Sheria inamhesabu mzazi au mlezi wa kisheria tu. Mtoto aliyeshikwa mkono na bibi yake au mama yake mdogo huhesabiwa kuwa yuko peke yake, na hutenganishwa naye. Sisi tumelelewa tukijua kwamba mkono mmoja haulei mwana. Undugu uchunguzwe palepale mpakani, kabla ya kuwatenganisha.

3. *Mtoto afuatiliwe baada ya kukabidhiwa kwa ndugu au mdhamini.* Mwaka 2023 Wizara ya Kazi ilitangaza kuwa watoto 102, wa miaka 13 hadi 17, walikuwa wameajiriwa kusafisha machinjio, wakifanya zamu za usiku. Ili mtoto asiishie huko, serikali iliyomkabidhi irudi kumtazama analala wapi na anasoma wapi.

4. *Ndugu asitegwe.* Mwaka 2018 taarifa za watu waliojitokeza kuwachukua watoto zilitumika kuwakamata baadhi yao. Ndugu akiogopa kujitokeza, mtoto hubaki mikononi mwa serikali.

5. *Mkataba wa Haki za Mtoto uridhiwe.* Marekani iliutia saini mwaka 1995, na mpaka leo haijauridhia.

Tutakachofanya

Kwa wale wanaotoka kwetu, tutajitolea kuwa wakalimani wa Kiswahili, Kilingala, Kinyarwanda na Kirundi. Tutaketi mahakamani ili mtoto aone mtu aliyekuja kwa ajili yake. Familia zetu zenye nafasi zitaomba leseni ya kulea. Hatutampigia debe mgombea yeyote. Kila mmoja wao, wa chama chochote, tutamuuliza hadharani kuhusu madai haya matano, na majibu yake tutayasoma misikitini, makanisani na kwenye vikao vya jumuiya zetu kabla ya siku ya kura.

Mwenye lugha, nyumba au saa moja ya kutoa, ajiunge nasi. Kesi za watoto hawa zinasikilizwa sasa hivi, na viti vya kuwasindikiza viko wazi.