Lile la Ikpeba lilikuwa bao

Mniwie radhi ninyi mnaosema yaliyopita si ndwele. Kwangu mie hili bado ni ndwele.

Tarehe 13 Februari 2000, uwanja wa Surulere, Lagos. Fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika, Nigeria na Kamerun. Eto'o na Mboma wanafunga, Chukwu na Okocha wanarudisha. Mbili kwa mbili. Dakika 120 zinakwisha, inakuja mikwaju ya penalti. Victor Ikpeba anapiga. Mpira unagonga mwamba, unadunda ndani ya mstari, unarudi uwanjani. Refa, Mourad Daami wa Tunisia, anasema hakuna bao. Mwisho wa yote Kamerun 4, Nigeria 3.

Nimeitazama picha ile mara sijui ngapi, nikiisimamisha pale mpira unapodunda. Umevuka, bwana! Hata mtoto anaona.

Najua mtakavyonijibu. Eti uamuzi wa refa ni wa mwisho. Sawa, lakini wa mwisho na wa haki ni mambo mawili. Eti Kanu naye alikosa penalti yake. Kweli alikosa. Basi aliyekosa ahesabiwe kosa lake, na aliyefunga ahesabiwe bao lake. Wala sina ugomvi na Kamerun, walicheza mpira. Hata huyo refa simtukani. Ana macho mawili tu kama mie na wewe, na jambo lenyewe ni la kufumba na kufumbua.

Ugomvi wangu ni na wakubwa wa soka la dunia. Lagos ililia, nani alisikia? Machi 2010 bodi inayotunga sheria za mpira ilikaa, ikaikataa mitambo ya kuonyesha kama mpira umevuka mstari. Haikupita miezi minne. Tarehe 27 Juni, pale Bloemfontein, Frank Lampard wa Uingereza akapiga shuti langoni mwa Ujerumani. Mwamba, chini, ndani, nje. Refa akapeta. Loh! Sepp Blatter, rais wa FIFA wakati ule, mwenyewe akaomba radhi. Julai 2012 mitambo ikaruhusiwa.

Mnaiona hesabu hiyo? Kilio cha Lagos, miaka kumi na ushei, kimya. Kilio cha Mwingereza, miaka miwili, sheria imegeuka. Na mechi yake haikuwa hata fainali! Tena ni Mwingereza yuleyule ambaye mwaka 1966, fainali ya Kombe la Dunia pale Wembley, alipewa bao la Hurst ambalo Wajerumani wanalipinga mpaka leo.

Kombe silidai. Kamerun walikabidhiwa, na libaki kwao. Nadai neno moja tu lifutwe, hilo tunalolirudia vijiweni kwamba Ikpeba alikosa. Jamani, hakukosa. Alifunga, akakosa wa kumwona.