Kovu Limepona, Maumivu Je?

Mnamo Aprili 2025, Waziri wa Afya wa Kenya, Bw. Aden Duale, alisimamisha upandikizaji wa figo katika hospitali moja ya Eldoret ili uchunguzi ufanywe. Mjadala uliozuka ulihusu biashara ya viungo. Lakini lipo swali jingine: mtoaji figo arudipo nyumbani, ni nani anayeyasikiliza maumivu yake?

Tuchukue mkazi wa Griftu, huko Wajir, aliyempa nduguye figo. Upasuaji hupita karibu na neva za ubavuni, nazo huweza kujeruhiwa. Kovu hupona, ila maumivu yakadumu miezi, hata miaka. Hayaonekani katika eksirei wala kipimo cha damu. Hutambuliwa hasa kwa maneno ya mgonjwa: kuungua, kudungwa sindano, kupigwa na umeme, kufa ganzi.

Hapo ndipo isimu inapoingia. Mtoaji huyo husema Kisomali. Mkalimani akifupisha yote kuwa "anaumwa", huenda akapewa diklofenaki au ibuprofeni, dawa zisizofaa sana kwa neva na ziwezazo kuidhuru figo iliyosalia. Akitafsiriwa barabara, daktari atafikiria amitriptilini, au gabapentini kwa kiasi kinacholingana na nguvu ya figo, au sindano ya kutia neva ganzi.

Basi, walimu na wanafunzi wa lugha, kazi tunayo: tuandae msamiati wa maumivu kwa Kisomali na Kiswahili, uwekwe zahanatini. Aliyetoa figo asinyimwe neno.